Kabla Hujachukua Dawa, Ulizia Chanjo

Kijitabu cha kaya yenye mgonjwa wa muda mrefu, mkoa wa Singida

Kijitabu hiki ni cha nani

Ni cha nyumba ambayo ndani yake kuna mtu wa kliniki. Pengine ni bibi wa sukari anayetoka Ndago kwenda Kiomboi kila mwezi. Pengine ni kijana wa selimundu anayelazwa mara mbili tatu kwa mwaka, au baba aliyechimba dhahabu Sekenke miaka mingi hadi kifua kikagoma, au dada wa Itigi anayechukulia ARV zake Manyoni kwa sababu hataki majirani wamwone. Kinamhusu pia anayemsindikiza: mjukuu anayebeba faili, mke anayekumbuka tarehe, mtoto anayetuma nauli kutoka Dodoma.

Mtu huyo amekwisha kulipa nauli. Amekaa kwenye benchi tangu alfajiri. Faili lake liko mezani kwa mhudumu anayeujua ugonjwa wake, na pengine chumba cha chanjo kiko hatua chache tu kutoka hapo. Lakini mara nyingi hupimwa presha, akapewa vidonge vyake na kurudi nyumbani bila mtu yeyote kutaja chanjo. Kliniki ya sukari haiulizi kwa sababu chanjo ni kazi ya kliniki ya mama na mtoto. Kliniki ya mama na mtoto haimwiti bibi kwa sababu bibi si mjamzito wala si mtoto. Katikati ya milango hiyo miwili anapita mtu aliye katika hatari kubwa kuliko wote. Kwa maoni yetu pengo hilo ni kubwa kuliko woga wa sindano na uvumi wa mitandaoni, na kaya inaweza kuanza kuliziba kwa kuuliza tu.

"Mgonjwa hachanjwi"

Maneno haya husikika sana vijijini, na hayasemwi kwa ubaya. Watu humwonea huruma mgonjwa: mwili wake una kazi tayari, kwa nini aongezewe nyingine?

Ukweli ni kinyume chake. Sukari ikikaa juu kwa muda mrefu, chembe za damu zinazopigana na vijidudu hulegea. Figo zikishindwa kazi, mwili hubaki na taka zinazopunguza nguvu ya kinga. VVU hushambulia kinga yenyewe. Mapafu yaliyojaa vumbi la mawe hayana akiba. Ndiyo maana kichomi kinachomkohoza kijana mzima kwa wiki moja kinaweza kumlaza mzee wa sukari wodini akiwa kwenye mtungi wa oksijeni. Chanjo humpa mgonjwa nafasi ya kukutana na adui akiwa amejiandaa. Ugonjwa wa muda mrefu, basi, ni sababu ya kuchanjwa.

Yapo mambo mawili ambayo mhudumu mkweli atakuambia. La kwanza, mwili dhaifu huweza kujibu chanjo kwa unyonge, ndiyo maana baadhi ya wagonjwa huongezewa dozi. La pili, ziko chanjo chache ambazo wagonjwa fulani hawapaswi kupewa. Hizo tutazieleza mbele, maana hapo ndipo woga wa watu una msingi na unastahili jibu kamili.

Tulichokiona mwaka 2021

Kwa miaka mingi, chanjo nchini ilikuwa ni habari ya mtoto mchanga na mama mjamzito. Mpango wa Taifa wa Chanjo ulianza mwaka 1975 na umejengwa juu ya kliniki yao. Mzee wa presha hakuwa na sababu ya kusogelea meza hiyo.

Mambo yalibadilika tarehe 28 Julai 2021, Rais Samia Suluhu Hassan alipozindua chanjo ya UVIKO-19 Ikulu, Dar es Salaam, naye akachanjwa hadharani. Siku chache kabla, shehena ya kwanza ya dozi zaidi ya milioni moja za Janssen ilikuwa imetua nchini kupitia mpango wa kimataifa wa COVAX. Dozi hazikutosha watu wote, hivyo ikabidi kupanga nani aanze: watumishi wa afya, watu wa miaka 50 na kuendelea, na wenye magonjwa sugu. Vituo vya kwanza vilikuwa hospitali na vituo vya afya. Kwa wagonjwa wengi wa sukari, presha na figo, hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza katika utu uzima wao kuambiwa kwamba ugonjwa wao unawapa haki ya kutangulia kwenye foleni ya chanjo.

Wengi walisita. Uvumi ulikuwa mwingi, na miezi iliyotangulia ilikuwa imejaa maneno ya kukanganya. Baadaye ukaja mpango harakishi na shirikishi, chanjo ikawafuata watu minadani, stendi na kwenye nyumba za ibada, na idadi ikapanda. Kampeni ni jambo zuri, lakini huondoka. Gari likishatoka mnadani, bibi wa sukari anabaki na kliniki yake ya kila mwezi, na huko ndiko tunakotaka swali la chanjo likae. Dharura ya dunia ya UVIKO-19 ilitangazwa kwisha Mei 2023, ila kirusi chenyewe kipo bado, na wazee na wenye magonjwa sugu ndio kinaowaumiza zaidi. Uliza kliniki yako kama chanjo hiyo ipo na kama unahitaji dozi ya kuongeza nguvu.

Selimundu: hapa ndipo dakika zina thamani

Sehemu hii tumeirefusha makusudi. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na selimundu. Makadirio yanayotajwa sana ni watoto 11,000 kwa mwaka. Kanda ya Ziwa inajulikana kwa kuwa na wengi, na Singida inapakana na Simiyu na Shinyanga, mikoa ya kanda hiyo.

Tumboni upande wa kushoto, chini ya mbavu, kuna bandama. Bandama ni kama chujio la damu: vijidudu vinavyosafiri kwenye mishipa hunaswa hapo na kuuawa. Kwa mtoto wa selimundu, chembe zilizojikunja kama mundu huziba mishipa midogo ya bandama tangu utotoni, na ndani ya miaka michache ya kwanza ya maisha chujio hilo huacha kufanya kazi. Kwa nje mtoto anaonekana mzima. Ndani hana mlinzi dhidi ya bakteria wa kichomi na uti wa mgongo, hasa yule aitwaye nyumokokasi. Bakteria huyo akiingia kwenye damu, mtoto aliyekuwa anacheza asubuhi anaweza kuwa mahututi jioni.

Kinga yake iko katika mafungu matatu, na moja haliondoi haja ya jingine.

Fungu la kwanza ni chanjo za ratiba ya kawaida zinazotolewa bure wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Chanjo ya nyumokokasi, ambayo kwenye kadi imeandikwa PCV, iliingia katika ratiba ya taifa mwanzoni mwa mwaka 2013. Chanjo ya penta, yenye kinga ya bakteria mwingine wa kichomi na uti wa mgongo aitwaye Hib, ilianza mwaka 2009. Sasa fanya hesabu ya nyumba yako. Kijana wa selimundu aliyezaliwa kabla ya 2013 karibu kwa hakika hakupata chanjo ya nyumokokasi utotoni, hata kama mama yake hakukosa kliniki hata siku moja. Kijana huyo ndiye tunayemlenga zaidi kwenye ukurasa huu. Akienda kliniki ya selimundu, aulize wazi: "Mimi nilizaliwa kabla PCV haijaanza. Naweza kupata chanjo ya nyumokokasi?" Kwa umri wake chanjo hiyo haimo katika ratiba ya taifa, na mara nyingi itabidi inunuliwe. Familia inayoweza kujichanga, ijichange. Ni fedha inayostahili kutangulia mbele ya mambo mengi.

Fungu la pili ni dawa ya penisilini V ya kila siku, asubuhi na jioni, kuanzia miezi ya mwanzo hadi angalau umri wa miaka 5. Dawa hii si chanjo, wala chanjo haifuti dawa hii.

Fungu la tatu ni homa. Mtoto wa selimundu mwenye joto la nyuzi 38 au zaidi hapewi paracetamol kisha akaachwa hadi kesho. Anapelekwa hospitali muda huohuo, hata usiku, hata kama amechanjwa chanjo zote.

Neno moja kwa atakayeambiwa kwamba bandama lazima liondolewe kwa upasuaji, awe ana selimundu au la: kama upasuaji si wa dharura, chanjo zitangulie angalau wiki 2 kabla ya kisu. Daktari mpasuaji anaweza kulisahau hilo katika wingi wa kazi. Mkumbushe.

Anayeishi na VVU, na mtoto wake

Mtu anayetumia ARV vizuri, ambaye virusi vimeshuka, hupokea chanjo kama watu wengine na mwili wake hujibu vizuri. Kwenye CTC yako, yaani kliniki ya VVU, ulizia homa ya ini B kwanza kabisa, kwa sababu VVU na homa ya ini B huambukizwa kwa njia zinazofanana na zikikutana huliharibu ini haraka. Utapimwa kwanza. Ukikutwa huna maambukizi wala kinga, chanjo inakufaa. Ukikutwa nayo, chanjo haina kazi tena, lakini daktari atahakikisha ARV unazotumia zinatibu vyote viwili. Kwa hiyo kipimo kina faida kwa vyovyote vile.

Binti anayeishi na VVU aangaliwe kwa karibu kuhusu saratani ya mlango wa kizazi, saratani inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Mwanamke mwenye VVU ana hatari ya kuipata takribani mara sita zaidi ya asiye na VVU. Chanjo ya HPV, inayokinga saratani hiyo, ilianza kutolewa nchi nzima Aprili 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na tangu 2024 hutolewa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Dozi hiyo moja ni ya binti mwenye kinga kamili. Kwa mwenye VVU, Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dozi mbili, na tatu ikiwezekana. Binti aliyechanjwa shuleni na wenzake huenda mwalimu wala mchanjaji hawajui hali yake, na hawana sababu ya kuijua. Mama au mlezi ndiye wa kulipeleka swali CTC, faraghani.

Mtoto mchanga wa mama mwenye VVU huchanjwa kama watoto wengine. Wiki ya 6, siku ya penta ya kwanza, ndiyo pia siku nzuri ya kipimo chake cha VVU cha tone la damu. Usikubali kuondoka na kimoja bila kingine. Akithibitika kuwa na VVU, chanjo za BCG (ya kifua kikuu) na surua hupangwa na CTC kulingana na hali ya kinga yake, maana zote mbili ni chanjo hai, ambazo tutazieleza mbele.

Sukari, presha, moyo na figo

Mgonjwa wa figo asikae na swali hili hata siku moja. Mashine ya kusafisha damu hutumiwa na watu wengi, na homa ya ini B huishi kwenye vifaa na juu ya meza kwa siku kadhaa. Anayetarajia kuanza kusafishwa damu, kwa mfano aliyepewa rufaa kwenda Hospitali ya Benjamin Mkapa Dodoma, achanjwe mapema, kabla figo hazijachoka kabisa. Mwili hujibu vizuri zaidi ukiwahiwa. Aliyekwisha kuanza naye hajachelewa, ila hupewa dozi kubwa zaidi na baadaye hupimwa damu kuona kama kinga imejengeka. Ratiba ya kawaida ya mtu mzima ni dozi tatu: ya leo, ya baada ya mwezi mmoja, na ya mwezi wa sita. Watu wengi hupata mbili na kuisahau ya tatu. Iandike kwenye daftari la kliniki siku ileile ya dozi ya kwanza.

Kumbuka pia kwamba homa ya ini B iliingia katika chanjo za watoto nchini mwaka 2002. Karibu kila Mtanzania aliyezaliwa kabla ya hapo hakuchanjwa utotoni. Kwa hiyo mwenye sukari asishirikiane na mtu sindano ya kutoboa kidole, hata na ndugu wa damu. Tumeambiwa mara nyingi, "lakini ni mume wangu." Hata mume.

Anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda, kama vile warfarin, anaweza kuchanjwa. Amwambie mchanjaji kabla, na baada ya sindano abonyeze pamba kwa dakika kadhaa bila kusugua.

Wanaume na pepopunda

Mwanamke wa Singida aliyezaa watoto wanne ana uwezekano mkubwa wa kuwa na kinga nzuri ya pepopunda, kwa sababu kila ujauzito ulimfikisha kwenye sindano ya Td. Mumewe, anayelima alizeti pekupeku na kushinda na mundu, jembe na samadi, huenda hajachanjwa tangu akiwa mtoto, kama alichanjwa. Hali kadhalika mchimbaji mdogo anayechubuka kila wiki, na mgonjwa wa sukari mwenye kidonda cha mguu kisichopona. Kidonda cha mguu ni mlango wa pepopunda ulio wazi miezi mingi. Siku ya kwenda kusafisha kidonda, ulizia Td.

Mgonjwa wako akiumwa na mbwa

Hapa hakuna ubishi wala kusubiri. Osha kidonda kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15 mfululizo, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo. Usipake pilipili, mafuta wala dawa ya kienyeji. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili huua karibu kila mtu, na chanjo inayotolewa kabla ya dalili huzuia. Mjamzito huchanjwa, mzee huchanjwa, mgonjwa wa sukari huchanjwa. Anayetumia ARV au dawa za kushusha kinga aseme mapema, maana ratiba yake inaweza kuongezwa. Piga simu kwanza kujua hospitali ipi ina chanjo, usije ukazunguka siku nzima.

Nani asichanjwe, na chanjo gani

Chanjo ziko za aina mbili kubwa. Zisizo hai, kama penta, PCV, homa ya ini B, Td, HPV na ya kichaa cha mbwa, hazina kijidudu kinachoweza kuzaliana mwilini. Hizi mgonjwa mwenye kinga dhaifu anaweza kupewa. La kuhofia ni kwamba zinaweza kumkinga kidogo kuliko mtu mwenye afya, basi.

Chanjo hai zina kijidudu kilichodhoofishwa: BCG, polio ya matone, rota, surua na rubella, homa ya manjano. Kwa mtu mwenye kinga ya kawaida hazina neno. Kwa watu wafuatao lazima daktari aamue kwanza: anayepata matibabu ya dripu ya saratani, mwenye VVU ambaye kinga imeshuka sana, anayetumia prednisolone kwa kiwango kikubwa kwa wiki 2 au zaidi, kama wanavyotumia baadhi ya watoto wa ugonjwa wa figo, na mjamzito, kwa upande wa surua, rubella na homa ya manjano. Mzee wa miaka 60 na kuendelea anayesafiri kwenda nchi inayodai chanjo ya homa ya manjano, naye apate ushauri kabla ya sindano. Kwa mahujaji, chanjo inayodaiwa na Saudi Arabia ni ya uti wa mgongo, ambayo si hai, na inatakiwa itolewe angalau siku 10 kabla ya kufika. Wazee wetu wengi huenda Hijja wakiwa na sukari na presha. Wakifika hospitali kwa ajili ya cheti hicho, waulizie na nyingine.

Aliyewahi kupata mzio mkali baada ya chanjo fulani, uso na koo vikavimba, pumzi ikabana, asirudie chanjo hiyo bila daktari.

Mafua, kikohozi kidogo, kuharisha kidogo, utapiamlo, kuzaliwa njiti: hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachozuia chanjo. Njiti hufuata umri wake tangu alipozaliwa, haturudishi siku nyuma. Mtoto wa utapiamlo aliyelazwa aangaliwe kadi kabla ya kuruhusiwa, na achanjwe hapohapo. Homa kali ndiyo ya kusubiri ishuke.

Namna ya kuuliza

Wagonjwa wengi huogopa kuonekana wanamfundisha daktari kazi. Uliza kwa adabu, lakini uliza. Mazungumzo kama haya yanatosha:

— Shikamoo, bibi. Leo sukari imesoma vizuri kuliko mwezi uliopita.
— Marahaba, mwanangu. Nashukuru. Kabla hujaniandikia dawa, nina jambo. Nasikia sisi wa sukari kuna chanjo tunazopaswa kupata.
— Zipo, bibi. Umewahi kuchanjwa lini?
— Ya korona nilipata, ile ya mara moja. Ya pepopunda ni zamani, nikiwa na mimba ya baba yake huyu. Mjukuu wangu ana cheti kwenye simu.
— Vizuri. Ya pepopunda unaweza kupata leo chumba cha chanjo. Hii ya homa ya ini tutakupima kwanza.
— Haya. Na huyu mjukuu, naye apimwe? Tunalala nyumba moja.

Swali la mwisho la bibi ni zuri kuliko yote. Mgonjwa ambaye mwili wake haujengi kinga ya kutosha hulindwa na wanaomzunguka: wajukuu waliokamilisha surua na PCV, mke aliyechanjwa homa ya ini, binti anayemuuguza aliyepata ya UVIKO-19.

Ipo wapi, na ni bure?

Chanjo zilizo katika ratiba ya taifa, za watoto, HPV na Td ya wajawazito, hutolewa bila malipo hadi ngazi ya zahanati na kwenye huduma za mkoba. Nyingine, kama homa ya ini B kwa mtu mzima, nyumokokasi kwa mtu mzima, mafua na uti wa mgongo, hazipatikani kila mahali na mara nyingi hulipiwa. Anzia pale mgonjwa wako anapotibiwa: Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, hospitali za Kiomboi na Manyoni, au za mashirika ya dini kama Mtakatifu Gaspar Itigi, Makiungu na Iambi. Isipokuwepo hapo, omba uandikiwe jina la chanjo kwenye daftari na uelekezwe inakopatikana. Namba ya Wizara ya Afya, 199, hupigwa bure.

Kuna jambo linalowaudhi akina mama, nasi tunalielewa. Umetembea saa mbili kumleta mtoto kwenye surua, nesi anasema rudi Alhamisi. Si uvivu. Chupa moja ya surua au BCG ina dozi za watoto kadhaa, na ikishafunguliwa hutupwa baada ya saa 6. Nesi anasubiri watoto wafike. Lakini mtoto wa selimundu au mwenye VVU aliyetoka mbali asirudishwe hivihivi. Mweleze nesi hali yake, na ikibidi omba kuonana na mkuu wa kituo.

Ukifikiria kununua chanjo duka la dawa Dodoma au Singida mjini ili ukachomewe kijijini, tunakuomba usifanye hivyo. Chanjo hukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Kwenye basi la mchana inaungua. Ukiifunga na barafu, ya homa ya ini B huganda na kuharibika, na kwa macho hutaona tofauti. Chomwa hapohapo ilipotoka kwenye jokofu.

Baada ya sindano

Kaa kituoni dakika 15 hadi 30. Mzio mkali ni nadra sana, na ukitokea huja ndani ya dakika chache, mahali ambapo sindano ya kuutibu ipo. Bega kuuma, uchovu na homa ndogo kwa siku moja au mbili ni kawaida, paracetamol inatosha. Mgonjwa asiache dawa zake za kila siku kwa sababu amechanjwa. Homa ikizidi siku 2, au mkono ukivimba na kutoa usaha, rudi kituoni na utaje chanjo uliyopata. Taarifa hizo hufikishwa kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA.

Jaza hapa, kisha hifadhi pamoja na kadi ya kliniki

Jina la mgonjwa: ....................... Mwaka wa kuzaliwa: ...........

Ugonjwa na kliniki anayohudhuria: .......................

Dawa anazotumia (taja prednisolone, warfarin au ARV kama zipo): .......................

Aliwahi kupata mzio wa chanjo au dawa gani: .......................

Chanjo aliyopata, tarehe na kituo: .......................

Dozi inayofuata, tarehe: .......................

Chanjo tuliyoambiwa haipo, na tulikoelekezwa: .......................

Nani atakumbusha na simu yake: .......................